Video ya Nane

3 Machi

Mama Kwanini, wifi yangu,

Dereva wa gari la dawa amekubali kukuletea barua hii, ila ameniuliza mara mbili kama ndani kuna kitu cha kuvunjika. Nimemwambia ndani kuna maneno tu. Akaipokea kwa wasiwasi vilevile.

Sisi wazima. Kaka yangu aliingia Jumanne, akalala siku mbili kama gogo, akapakia lori lake akaondoka. Atakuwa barabarani wiki kadhaa. Nyumba tumebaki nayo mimi na binti yako, na mwenye amri ni binti yako. Jana amemsimamisha muuza mkaa mlangoni: kwa nini mkaa ni mweusi na majivu ni meupe wakati mti ni uleule? Mtu wa watu akasahau kilichomleta. Hilo jina la Bi Kwanini tulilompa akiwa na miaka mitatu, leo ana kumi na moja na bado linamkaa.

Sasa ripoti. Tulikubaliana hapewi simu mpaka video nimeitazama mimi kwanza, na ile ninayoitilia shaka nikuandikie wewe muuguzi uamue. Daftari lina safu tatu: inafaa, haifai, inafaa nikiwepo.

Volkano ya siki na magadi: haifai. Nilikuwa nimeandika inafaa. Kochi lako nimeligeuza mto, usije ukalifunua.

Yule kijana mwenye nywele za bluu anayepiga kelele: haifai. Ndani ya dakika kumi amesema "ajabu!" mara thelathini na moja, nimehesabu, na hakueleza hata ajabu moja.

Yule bwana anayesema wanasayansi wanatuficha kwamba jua ni baridi: huyo hakufika hata kwenye safu. Ningempata darasani kwangu angesimama kona mpaka kengele ya kwenda nyumbani.

Tuliyempenda ni yule mama tunayemwita Daktari Miwani. Anaeleza taratibu, na akikosea anasema nimekosea, tuanze tena. Wangapi wanaweza? Ana video kumi za mwili wa binadamu na saba tumezimaliza, pamoja na ile ya moyo wa ng'ombe alioupasua mezani kwa kisu, ambayo wewe mwenyewe uliipitisha. Ya nane inaitwa "Damu Yangu, Damu Yenu", inahusu makundi ya damu katika familia. Sijaitazama bado. Mtoto anaisubiri kwa hamu. Niipitishe?

Wifi yako mkubwa,
Mwalimu

17 Machi

Wifi Mwalimu,

Nimeisoma barua yako nimesimama, dereva ananiangalia navyocheka peke yangu. Kochi nimelisamehe. Huyo wa jua baridi mlete huku, tumkalishe juu ya bati la zahanati saa saba mchana.

Huku si pabaya. Vyumba vitatu, vitanda vinne, friji la chanjo linalonguruma kutwa, na mimi na mkunga mmoja tunaoishi kwa kupokezana. Mtandao ndio hakuna. Ukipanda juu ya tangi la maji unapata kidogo, ukishuka umekwisha. Kwa hiyo macho yangu ni wewe, na nakushukuru sana wifi, si kila mtu angejitwika mtoto wa mwenzake mwaka mzima.

Hiyo ya nane usimwonyeshe. Haifai. Mambo ya damu huwaogofya watoto wa umri wake, anaweza kuota ndoto mbaya. Mpe ya tisa moja kwa moja.

Mwambie mama yake anamkumbuka, na ale mboga.

Mama Kwanini

31 Machi

Wifi,

Aogope damu nani? Huyu aliyenishikia kuku nikichinja, akaniuliza firigisi iko upande gani?

Samahani, nimecheka kidogo, lakini na kushangaa nimeshangaa. Moyo wa ng'ombe umepasuliwa, mishipa inaning'inia, ukasema poa. Nyoka amemeza chura mzima mzima, ukasema poa. Nikasema hii ya nane basi lazima ina balaa. Nimeitazama mara mbili, milango nimefunga. Damu hamna hata tone! Mama wa watu anatumia vifuniko vya chupa, vyekundu vya kundi A na vya bluu vya kundi B. Kila mzazi anatoa kifuniko kimoja, mtoto anapata viwili. Wa kundi O ni yule ambaye hana kifuniko cha rangi cha kutoa. Basi. Mwishoni anawaambia watoto wachore jedwali la safu tatu, Baba, Mama, Mimi, waulizie nyumbani na wajaze. Ningekuwa nafundisha sayansi badala ya hesabu ningemwibia somo zima lilivyo.

Nimeandika "inafaa" kwa penseli, nasubiri kalamu yako. Au kuna kitu wewe umekiona na mimi sikukiona? Sema tu, mimi si mtu wa kukasirika.

Bi Kwanini nimemdanganya kwamba ya nane imepotea huko mtandaoni. Aliniangalia tu. Hakuuliza kwa nini, na hilo nalo limenishangaza.

Wifi yako,
Mwalimu

14 Aprili

Wifi Mwalimu,

Naomba hili tulimalize. Nimeulizia, na yule mama wala si daktari wa kusomea. Pia hesabu zake za vifuniko zimerahisishwa mno, mtoto ataelewa kinyume. Na nimesikia kuna watoto mahali walitazama video za namna hiyo wakajichoma sindano ili wajipime wenyewe. Mimi ni muuguzi, nayajua madhara yake. Tafadhali ifute kabisa kwenye simu, isiwepo hata kwa bahati mbaya.

Jambo jingine dogo. Kadi za kliniki za mtoto ziko kwenye lile sanduku la bati chini ya kitanda chetu. Zimepangwa kwa utaratibu wangu, kwa hiyo zisiguswe, hata mkifanya usafi.

Huku mvua imeanza. Nimepokea watoto wawili wiki hii, wote salama.

Wako,
Mama Kwanini

28 Aprili

Mama Kwanini,

Kwanza ilikuwa damu inatisha. Damu ikakosekana, ikawa daktari si daktari. Umemchunguzia wapi, juu ya tangi la maji? Kisha vifuniko, kisha sindano. Miaka ishirini na sita nasahihisha madaftari ya watoto, na mtoto mwenye sababu nne za kutofanya kazi ya nyumbani nishamjua hana hata moja. Ukanitajia na sanduku. Mimi sikuuliza sanduku.

Nimelifungua. Sina haja ya kujificha.

Kadi ya mtoto inasema AB. Kaka yangu hahitaji kadi, kila mtu barabarani anajua kundi lake, kila akitoka kuchangia damu anajitapa kwamba yeye ni O na damu yake hupewa mtu yeyote. Hata hivyo nimeitafuta kadi yake ya kuchangia na nimeiona. O.

Daktari wako asiye daktari anasema AB amepata kifuniko chekundu kwa mzazi mmoja na cha bluu kwa mwingine. Mzazi wa O hana cha kutoa. Kwa hiyo mzazi wa O hapati mtoto wa AB. Nimeirudia hesabu mara tatu. Nikampigia mwenzangu wa sayansi pale shuleni, nikamuuliza kama swali la mtihani tu, akasema hivyohivyo. Usiniletee habari za maajabu yanayotokea mara moja katika watu laki.

Wazee walisema kitanda hakizai haramu. Walisema hivyo kabla ya Daktari Miwani.

Sikutukani, wifi. Ningetamani nimekosea. Nilikupenda, nilikutetea kwa mama yangu marehemu aliposema hujui kupika. Na mtoto hana kosa lolote. Lakini kaka yangu analala kwenye usukani ili nyie mle, na mimi sitakaa mezani naye nikimficha. Anarudi tarehe kumi na tano Mei. Mwandikie wewe kabla ya hapo, au nitamwambia mimi.

Mwalimu

12 Mei

Wifi,

Mwambie. Mwonyeshe kadi, umuulize kwa utulivu, kisha umsikilize vizuri anachosema.

Ombi langu ni moja. Mtoto asiwepo.

Mama Kwanini

26 Mei

Mama Kwanini,

Nimemwambia. Mtoto alikuwa shuleni.

Niliiweka kadi mezani mbele ya chai yake. Akaiangalia. Hakuuliza ni nini, hakuuliza ina maana gani. Akainuka akaenda nje kukagua matairi ya lori, matairi kumi na nane, moja moja, anayagonga kwa chuma. Aliporudi nikamuuliza, kaka, unasemaje? Akasema, "Dada, hayo ya video yaache. Usilete maneno." Macho yake mekundu. Kesho yake alfajiri akaondoka, siku mbili kabla ya safari. Hivyo ndivyo mwanamume anavyovunjika, wifi. Ulitaka nimsikilize, nimemsikiliza.

Sasa lazima nikwambie na hili, ujue kwangu usije ukalisikia kwa dereva. Sikuweza kulibeba peke yangu. Nimemwambia baba mdogo. Nilidhani atanishauri tu, yeye akaitisha kikao cha ukoo, tarehe ishirini Juni, hapahapa sebuleni. Anasema mtoto akirudi shule mwezi wa saba arudi akitokea kwa watu wa mama yake, na jina letu lisiwe kwenye daftari lake. Nikamwambia baba, mtoto huyu nimemfundisha mimi kusoma. Akasema kusoma hakuna ukoo.

Usingizi sipati. Bi Kwanini ana siku kumi hajauliza swali lolote, hata nikimchokoza. Juzi nimemwambia kwa makusudi kwamba mwezi ni wa jibini. Akasema, "Sawa, shangazi."

Mwalimu

9 Juni

Wifi,

Umejaza lile jedwali? Lina safu tatu, umeniandikia mwenyewe. Baba, Mama, Mimi. Umejaza ya kaka yako, umejaza ya mtoto, ukapiga mstari ukatoa jibu. Mwalimu wa hesabu mzima! Safu ya mama umeiacha wazi. Hukuhitaji kujua damu yangu, ulihitaji kujua uchafu wangu.

Mimi pia ni O.

O kwa O, na mtoto AB. Irudie mara tatu, umpigie na mwenzako wa sayansi. Mtoto huyu hakumzaa kaka yako na sikumzaa mimi.

Tulikaa miaka minne kwenye ndoa bila mtoto. Unakumbuka, maana kila nilipokuja kukusalimia ulianza na tumbo ndipo ukafika usoni. Tukapimwa. Mimi sikuwa na tatizo. Kaka yako aliisoma karatasi yake ndani ya lori, akaikunja, akaniomba kitu kimoja tu: ndugu zake wasijue mpaka anaingia kaburini. Nikaapa. Nikaomba uhamisho, tukahamia mbali, na mwezi wa nne huko msichana mmoja alijifungua wodini kwetu, siku ya pili akaondoka, akaacha ujumbe kwamba hawezi na asitafutwe. Tulikwenda ustawi wa jamii, tukaenda mahakamani, karatasi zote zina mihuri, ziko chini kabisa ya sanduku lilelile ulilolifungua. Hukufika chini. Tulipomaliza mwaka mzima huko mbali tukarudi na mtoto wa miezi minane. Wewe ulimpokea mlangoni ukapiga kigelegele ukasema ana paji la uso la mama yenu. Kaka yako alicheka mpaka akatoka nje.

Kwa hiyo siku ulipoweka kadi mbele ya chai yake, alijua. Alikuwa anagonga matairi na anajua. Ameniacha nichafuke mbele yenu na akaondoka. Hilo nitalisema naye mimi, uso kwa uso, nitamwambia maneno ambayo hajawahi kuyasikia kinywani mwangu.

Nimenyamaza miaka kumi na moja kwa ajili ya aibu ya mtu mzima. Sitanyamaza mwanangu akitolewa ndani ya nyumba yake. Kikao kikikaa, simama uisome barua hii mbele yao wote. Bora aaibike kaka yako kuliko afukuzwe mtoto. Nimeomba ruhusa, daktari wa wilaya hajajibu.

Nina hasira na wewe, wifi. Na sina mwingine wa kumkabidhi mtoto.

Mama Kwanini

23 Juni

Wifi yangu,

Gari la dawa lilikatika springi njiani. Barua yako imenifikia tarehe ishirini yenyewe, asubuhi, viti vimeshapangwa. Nimeisomea bafuni. Nilikaa juu ya ndoo nikalia kwa aibu, na huku nje baba mdogo anauliza Mwalimu yuko wapi.

Nisamehe. Sijui neno jingine. Ningekuwa mwanafunzi wangu ningejipa sifuri: nimeacha safu wazi na nikatoa jibu kwa wino.

Walikuja saba. Kaka naye akatokea, sijui nani alimwambia, amekaa karibu na mlango na kofia mkononi. Mtoto nilimpeleka kwa jirani. Baba mdogo akafungua, akanipa nafasi. Barua yako ilikuwa mkobani na mkono wangu ulikuwa juu yake. Nikamwangalia kaka. Alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu anayesubiri kunyolewa. Nikafikiria, nikisoma, kweli jina lako linasafika, lakini hawa saba wataondoka na habari ya mtoto kila mmoja na njia yake, na kesho atapigiwa nayo kelele shuleni. Nikasimama nikasema nimeisoma kadi vibaya. Nikasema imefifia, ile niliyoiona AB ni B, na B kwa baba wa O haina neno. Nimekosea, nimemsingizia mke wa kaka yangu, nawaomba radhi wote, na yeye nitamwomba kwa barua.

Baba mdogo akaniambia, "Mwalimu mzima umetukusanya watu wazima kwa herufi moja?" Nikasema ndiyo, baba. Akasema mengine, ya kwamba kuzeeka kunaanzia machoni. Nikayala yote. Mtu aliyenijua miaka hii yote hajawahi kunisikia nikisema nimekosea mbele za watu, kwa hiyo waliamini.

Kaka akabaki nyuma. Walipoondoka akanishika bega, akasema asante dada. Nikamwambia asante yako kampe mkeo, na ukianza kulia leo lia na matairi yako, mimi nina vyombo vya kuosha. Bado nimemkasirikia. Anasema anakuja huko. Mwone utakavyoona.

Sasa nakuja kwenye sababu ya barua hii, nimezunguka kwa kuwa naiogopa.

Nilikuwa nakusanya viti, mtoto akarudi akaanza kunisaidia. Akasema, hanitazami, "Shangazi, hukukosea. Kadi haijafifia. Ni AB." Alikuwa dirishani kwa jirani, amesikia yote. Akaniletea daftari lake la sayansi. Jedwali limechorwa kwa rula, safu tatu, zote zimejazwa. Baba O. Mama O. Mimi AB. Chini kuna mstari wa jibu, haukujazwa. Kundi lako amelitoa nyuma ya kitambulisho chako cha zamani cha kazi, kile anachojivalisha akicheza uuguzi. Juu kuna tarehe: 6 Machi.

Tarehe sita, wifi! Mimi na wewe tunaandikiana inafaa, haifai, na penseli na kalamu, mwenzetu alishaitazama kwa simu ya jirani kabla jibu lako la kwanza halijafika. Miezi mitatu na nusu amekuwa akilala na jambo hilo, anaamka, anakunywa uji, anakwenda shule, na mimi nakaa hapa najiona ndiye mlinzi.

Nikamuuliza kwa nini hukusema, mama? Wewe unayeuliza kila kitu? Akakunja kiti, akafungua, akakunja tena. Akaniambia hivi, naandika alivyosema:

"Nilidhani mama na baba hawajui. Nilidhani wakijua watanirudisha."

Nimemkumbatia nikamwambia walijua tangu siku ya kwanza, walikuchagua kwa macho yao, walikwenda mpaka kwa hakimu kukuomba. Ananisikiliza kwa adabu tu. Haniamini. Ameniuliza, kama walijua, mbona wewe ulikuwa unaificha video?

Swali hilo ni lako, wifi. Jibu lake unalo wewe. Gari linaondoka huko Alhamisi saa nne. Achana na ruhusa ya daktari wa wilaya, panda, uje umwambie mwenyewe.

Shangazi yake